Mchakamchaka wa Mguu Namba Arobaini na Moja

Msiitafute nchi hii kwenye ramani. Wizara ya Ramani bado haijaelewana na Wizara ya Rangi kuhusu rangi inayoifaa, na mpaka hapo watakapoelewana wananchi wake wataendelea kuishi mahali palipoachwa peupe. Lakini watu wapo. Wanakula, wanaoana, wanazikana, na kila Jumamosi alfajiri wanakimbia.

Wanakimbia kwa sheria. Sheria yenyewe ni nzuri na ina huruma, maana ilitungwa kwa ajili ya askari waliopoteza viungo mpakani. Kule mpakani, upande wa kaskazini, kuna jambo limekuwa likiendelea kwa miaka kumi na minane ambalo si vita. Serikali imelieleza mara nyingi bila kuchoka: ni Mazungumzo. Mazungumzo haya yana mizinga, yana mabomu ya kutega ardhini, na yana watu wanaorudi pungufu. Hao wanaorudi pungufu, taifa liliamua kuwafundisha kazi za mikono, na wasio na mikono kazi nyinginezo. Chuo kikajengwa. Kibao chake kilikuwa kirefu kuliko jengo. Kilichobaki ilikuwa kuchangia mafunzo, na ndipo Mheshimiwa Waziri, akiwa bafuni, alipopata wazo kwamba nchi nzima ikimbie.

Utaratibu ukawa huu. Kila kiungo kilichopotea kiliandikwa kwenye Daftari la Viungo na kupewa namba. Kila mwananchi mwenye afya alisajiliwa kukimbia kwa niaba ya kiungo kimoja, naye akaitwa mbebaji. Fulana yake ilikuwa na namba ya kiungo kifuani na picha ya mwenye kiungo mgongoni. Mbio zikiisha, fulana zilikamuliwa kwenye ndoo mbele ya mashahidi watatu, na makampuni yakatoa mchango kwa kila jagi la jasho. Waheshimiwa nao hawakujitenga na wananchi. Walikimbia ndani ya magari yao, vioo juu na viyoyozi vimezimwa, kwa uzalendo.

Juu ya hayo palikuwa na Mchakamchaka Mkuu, mara moja kwa mwaka. Mbebaji aliyeshika nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu alimpatia mwenye kiungo nafasi ya kuingia chuoni. Nafasi zilikuwa tatu. Wenye viungo, mpango ulipoanza, walikuwa mia nne na kumi na wawili.

Koplo Tunu alikuwa mguu namba arobaini na moja.

*

Mguu wenyewe ulikuwa wa kushoto, na ulibaki kwenye shamba la mtama la mtu fulani kule kaskazini, katika mwaka wa kumi wa Mazungumzo. Tunu alikuwa fundi redio wa kikosi. Alirudi mjini na nishani, magongo mawili na mguu wa bandia uliomzidi kidogo urefu, akapanga vyumba viwili nyuma ya bucha pamoja na mdogo wake Semeni, msusi wa nywele, mwepesi wa miguu na wa ulimi.

Alichokitaka Tunu maishani kilikuwa kimoja: cheti cha ufundi wa majokofu. Nyaya alizijua, mota alizijua, na kompresa aliweza kuifungua huku anasimulia mambo mengine kabisa. Lakini gesi ya majokofu iliuzwa kwa mwenye cheti cha Chuo cha Mashujaa peke yake, na jokofu lisilo na gesi ni kabati lenye mkia. Uani kwake yalisimama majokofu saba ya watu, yamepona kila ugonjwa isipokuwa huo mmoja. Wenyewe walikuwa wakipita jioni kuyatazama, kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa.

Kwa miaka sita mguu namba arobaini na moja ulibebwa vibaya. Mwaka wa kwanza alipangiwa karani wa forodha aliyesimama njiani kunywa juisi ya ukwaju akasahau kuendelea. Mwaka wa tatu alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye alithibitisha, kwa kanuni, kwamba hawezi kufika. Mwaka jana ulibebwa na watu kumi na wawili kwa pamoja, kwa sababu wananchi walikuwa wamezidi viungo, na wote kumi na wawili waligombana kwenye kona ya kwanza.

Tatizo hilo la kuzidi lilifika bungeni. Waziri wa Mvua alisimama akalalamika, kwa uchungu ulioonekana hata kwenye redio, kwamba mtu wa hadhi yake amepewa nusu ya kidole. Akajibiwa kuwa serikali inaufahamu upungufu wa viungo na inaushughulikia. Wabunge wakapiga meza. Tunu alikuwa anasikiliza huku anasokota waya, na hakulifikiria tena neno lile mpaka baadaye.

Mwaka huu Semeni alitimiza miaka ishirini, umri wa kubeba, akaomba mguu wa dada yake. Akapewa, peke yake. Basi kila asubuhi walikwenda uwanja wa shule, Tunu akaketi kwenye kigoda na filimbi mdomoni, Semeni akazunguka.

"Umechoka?"

"Nimekufa, dada."

"Maiti haongei. Zunguka tena."

"Ukipata hicho cheti chako, nitakaa mbele ya friji la kwanza nile barafu mpaka nipate nimonia."

"Utakula. Zunguka."

Semeni alikuwa na mbio za ajabu. Alikimbia kama mtu aliyesikia anaitwa na anayempenda. Tunu akawa anamhesabia mizunguko, na moyoni anahesabu mitungi ya gesi.

*

Mwezi mmoja kabla ya Mchakamchaka Mkuu yalifanyika mbio za majaribio. Katibu wa Mchakamchaka, Bwana Mpangala, mtu mwenye shingo fupi na hotuba ndefu, aliwapokea wenye viungo getini.

"Miguu ya bandia tunaiacha hapa, mashujaa. Utapewa risiti."

"Mimi nimeuzoea," Tunu alisema. "Napandaje ngazi?"

"Kwa magongo, Koplo. Mfadhili akikuona umesimama wima anavunjika moyo. Anajiuliza, jasho langu linakwenda wapi? Suruali tunaikunja mpaka hapa, panapoonekana."

Tunu akakunja suruali yake, akapanda jukwaa la wanufaika, akapewa kibao cha namba ashike na kijibendera apunge. Walikuwa wengi kuliko mwaka jana. Safu mbili za nyuma zilijaa sura asizozijua, changa, bado zina mshangao.

Semeni alimaliza wa pili. Tunu alipunga kijibendera mpaka kikachanika. Halafu akaona kitu. Wakimbiaji kumi wa kwanza walipelekwa pembeni, penye turubai, na mtu mwenye koti jeupe akawapima kifua kwa utepe. Akawafunua midomo akatazama meno. Akawaambia wavue viatu, akabonyeza nyayo zao kwa kidole gumba kuona kama zina tao. Akawaziba jicho moja, kisha la pili, na kuwaonyesha mti ulio mbali.

Tunu alihisi baridi kwenye mguu ambao hakuwa nao. Yeye mwenyewe aliwahi kubonyezwa nyayo namna ile mara moja tu maishani, siku alipoandikishwa jeshini.

"Wanawapima nini?" alimuuliza kijana aliyekaa jirani yake. Alikuwa na kibao kipya, mguu wa kulia namba mia sita thelathini na nane, na kigutu chake kilikuwa bado na bandeji.

"Wanapima kama unafaa, afande." Kijana alisema bila kugeuka. "Mimi nilifaa."

Jina lake lilikuwa Chambi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na sauti ya mtu wa hamsini.

"Ulikuwa kikosi gani?"

"Sikuwa kikosi. Nilikuwa nauza vocha. Mwaka jana nilimbeba Sajenti Dotto, mkono namba tisa. Nikashika ya pili."

"Sajenti akaenda chuo."

"Akaenda. Na mimi nikaenda."

"Wapi?"

"Ziara. Kumi wa kwanza hupewa ziara ya kuwatia moyo askari mpakani. Basi la kiyoyozi, afande. Na keki walitupa, yenye bendera juu yake. Tulipofika wakatwambia tuvue fulana, kuna nguo nyingine."

"Kumi wote?"

"Wote."

"Na hao wenzako tisa wako wapi?"

"Mmoja yule pale, namba mia sita arobaini, anayeshikiwa kibao." Chambi akapunga kijibendera chake, kwa kuwa Katibu alikuwa akiwatazama. "Wengine hawakupata namba."

*

Kesho yake Tunu alikuwa ofisini kwa Bwana Mpangala, anataka mbebaji wake aondolewe.

"Inawezekana kabisa," Katibu alisema kwa ukarimu. "Mbebaji huachiwa kwa saini ya kiungo."

"Mimi ndiye mwenye kiungo."

"Wewe ni mnufaika, Koplo. Aliyesajiliwa ni mguu. Mguu ukifika hapa ukasaini, mdogo wako anaachiwa siku hiyohiyo. Sisi si wakali."

"Mguu wangu uko kaskazini, chini ya mtama."

"Basi kuna usafiri wa kwenda huko," Katibu alisema, akacheka peke yake, akaacha kucheka. "Koplo, hebu nikueleze kama ndugu. Taifa hili lina hamu ya kukimbia. Mawaziri wanataka viungo vyao kamili, mabalozi wameshaandika barua, na shule za msingi zinataka kuanza. Sasa watu hawa wote wakimbie kwa ajili ya nani? Hawawezi kukimbia kwa ajili ya hewa. Sisi ni waratibu. Kazi yetu ni kuhakikisha huruma ya wananchi haikosi mahali pa kwenda."

"Na Chambi?"

"Chambi alikuwa muuza vocha. Leo ni shujaa. Nitajie nchi nyingine inayompandisha mtu haraka namna hiyo."

Alimsindikiza mpaka mlangoni na kumshikia magongo wakati anavaa kofia.

Tunu alimkuta Semeni uani, ameketi juu ya jokofu moja lililolazwa, anajisugua miguu kwa mafuta ya nazi. Akamwambia yote, neno kwa neno. Semeni alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Huyo Chambi ana uchungu, dada. Mtu mwenye uchungu husema mengi."

"Nimeona meno yako yakitazamwa."

"Hata mnunuzi wa mbuzi anatazama meno."

"Ndiyo, Semeni. Ndiyo ninachokwambia."

Semeni akafunga kopo la mafuta. "Kwa hiyo nikimbie polepole. Miaka sita watu wamekukimbilia polepole, na hawa wagonjwa wako wamejaa uani."

Hapo Tunu alipaswa kujibu mara moja, na hakujibu mara moja. Haukuwa muda mrefu, pumzi moja tu. Lakini ndani ya pumzi hiyo alimwona Semeni anakata utepe, na cheti kimetundikwa ukutani, na mtungi wa gesi mlangoni. Akajiona na yeye mwenyewe, anavyokitamani cheti hicho, na akachukia.

"Shika ya kumi na moja," alisema. "Ukiwa ya kumi na moja hupimwi. Unapewa chupa ya chai na kitambaa cha jasho, unarudi nyumbani."

"Ya kumi na moja."

"Apa."

"Naapa kwa nywele za wateja wangu."

"Apa vizuri, we mtoto."

Semeni akamtazama. "Kwa kaburi la mama, nitafanya linalokufaa wewe."

Tunu alikuwa amechoka, akakipokea kiapo kile kama kilivyotolewa.

*

Siku ya Mchakamchaka Mkuu mawingu yalikaa chini na bendi ya polisi ilipiga nyimbo zote kwa mwendo wa mazishi, kwa sababu mpiga tarumbeta wa kwanza alikuwa amefaa mwaka jana. Basi lilikuwa limeegeshwa tayari nyuma ya jukwaa, injini inanguruma. Dirishani ilionekana keki.

Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa dakika hamsini. "Wapo maadui wanaosema tunakimbia bila kufika," alisema. "Nawauliza, tukifika, nani atawakumbuka mashujaa wetu? Mafunzo ni jambo jema, lakini tuwe waangalifu. Askari aliyefundishwa kazi anajitegemea. Anayejitegemea haonekani. Asiyeonekana, ndugu zangu, tumemtelekeza." Watu walipiga makofi. Wengine walifuta machozi, na machozi hayo pia yalikusanywa.

Kisha bunduki ikalia na elfu nne wakaondoka.

Njia ilizunguka mji na kurudi uwanjani. Baada ya saa nzima wa kwanza wakatokea kwenye lango, na Tunu akaanza kuhesabu fulana. Mmoja. Watatu pamoja. Sita, saba. Wa kumi alikuwa kijana mrefu anayeyumba. Wa kumi na moja alikuwa Semeni, anakimbia kwa raha kama mtu aliyetumwa dukani. Tunu akashusha pumzi ambayo ilikuwa imekaa kifuani mwezi mzima.

Zilibaki mita mia mbili. Semeni alinyanyua uso akatafuta jukwaa, akamwona dada yake, akacheka. Halafu akabadilisha mwendo.

Aliwapita wawili kwenye kona. Akawapita sita waliokuwa wamebanana, nje kabisa ya mstari. Uwanja ukasimama. Katibu Mpangala akafungua daftari lake. Koti jeupe likatokeza kutoka kwenye turubai.

"Anakupatia chuo, afande," Chambi alisema kwa sauti ndogo.

Tunu alikuwa ameshatupa kibao. Ngazi za jukwaa zilikuwa tisa, naye alizishuka tatu kwa magongo na sita kwa makalio. Mlinzi mmoja alimzuia. Akampita chini ya mkono. Alifika kwenye chokaa ya njia wakati mkimbiaji wa kwanza na wa pili wanapita, upepo wao ukampiga usoni, na wa tatu alikuwa Semeni, mita kumi kutoka kwenye utepe, macho yamefumbwa, mdomo wazi, picha ya Tunu inapepea mgongoni.

Tunu akaegemea gongo moja. La pili akalinyoosha.

Sauti ya goti likigonga ardhi ilisikika mpaka kwa waheshimiwa. Wakimbiaji wengine walipita kulia na kushoto, wa nne, wa tisa, wa ishirini, wa mia. Semeni alilala kifudifudi kwenye chokaa. Alipogeuza uso ulikuwa mweupe kama wa mchezaji ngoma.

"Umenipiga," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa wa tatu. Dada, nilikuwa wa tatu."

"Nimekuona. Usiinuke."

Yule wa koti jeupe alifika akapiga magoti, akalishika lile goti, akalizungusha, akasikiliza linavyolia. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Kwenye kadi ya Semeni akagonga muhuri: HAFAI. Tunu aliisoma kadi mara mbili. Katika maisha yake alikuwa amesifiwa kwa maneno makubwa na watu wenye kofia, na hakuna lililowahi kumfurahisha kama hilo.

Bwana Mpangala hakukasirika. Hilo ndilo lililomtia Tunu wasiwasi. Alisimama akipima kwa macho umbali kati ya jukwaa na njia, akaandika kitu, akauliza saa ya mlinzi ilisemaje, akaandika tena.

*

Barua ilikuja siku ya tisa. Semeni alikuwa kitandani na plasta kutoka paja mpaka kifundo, na kwa siku tisa hakuwa amemsemesha dada yake zaidi ya kuomba maji. Tunu alisoma kwa sauti.

Barua ilieleza kwamba mguu namba arobaini na moja umefutwa kwenye Daftari la Viungo. Mwenye mguu huo, mbele ya mashahidi elfu nne, alishuka ngazi tisa, akampita mlinzi mwenye silaha, na kumzuia mtu anayekuja kwa kasi, yote katika sekunde kumi na saba. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa mlemavu bila kuwatukana walemavu. Taifa linampongeza kwa kupona. Aripoti ghala la sare Jumatatu saa mbili asubuhi. Mazungumzo yamefika hatua nzuri.

Semeni alivuta shuka mpaka kidevuni. "Wewe wanakupeleka."

"Inaonekana."

"Ungeniacha nikashinda."

"Ungekuwa wewe unapimwa viatu."

Semeni akatafuta mkono wa Tunu juu ya shuka, akaushika, akaubana mpaka vidole vikauma. Akakaa ameushika hivyo mpaka bucha la mbele lilipofunga.

*

Mtunza ghala alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpa Tunu suruali, shati, kofia na jozi ya buti.

"Nahitaji la kulia tu, mzee. Mguu wa bandia bado uko getini, nina risiti."

"Buti hutoka kwa jozi, Koplo. Saini hapa, na hapa."

"La kushoto nitalifanyia nini?"

Mzee alivua miwani akaifuta. Akatazama mlango wa nyuma, uliokuwa wazi. "Nenda nalo," alisema. "Utapata mtu huko."

Nyuma ya ghala lilisimama lori, turubai limefungwa pande zote. Askari mmoja alimpokea magongo, akamshika kiunoni, akamnyanyua ndani. Macho ya Tunu yalichukua muda kuzoea giza. Kisha akaona kwamba mabenchi yamejaa. Aliwatambua mmoja mmoja kwa sura za jukwaani: namba tisini, namba mia mbili na tatu, Sajenti Dotto na cheti chake cha ufundi ndani ya bahasha ya nailoni. Magongo yalilazwa katikati ya sakafu kama kuni. Waliokuwa wamepona walikuwa wengi.

"Sogea hapa, afande," sauti ilisema. Ilikuwa ya Chambi. Bandeji yake ilikuwa mpya, nyeupe, imefungwa leo asubuhi.

Tunu akaketi. Baada ya muda alifungua kamba za buti la kushoto akampa. Chambi aliinama akalivaa taratibu, akalibonyeza ncha kwa kidole gumba.

"Limenienea," alisema, na lori likaondoka.